Mazda MX-5 iliyotumika: uchague toleo lipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa mtu ambaye ameshaamua kununua gari dogo la michezo lenye paa la kufunguka, na ambaye sasa amekwama kati ya matoleo mengi ya gari hilohilo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Je, MX-5, Miata, Roadster na Eunos ni magari tofauti?

Hapana, ni gari moja lenye majina yanayotofautiana kulingana na soko. Ulaya huitwa MX-5, Marekani limezoeleka kwa jina la Miata, na Japani lilizaliwa likiitwa Eunos Roadster kwa sababu Mazda ililiuza kupitia mtandao wake wa maduka ulioitwa Eunos. Kuanzia kizazi cha pili likawa Mazda Roadster. Anayetafuta gari kwenye minada ya Japani kwa kuandika "MX-5" atapata machache sana, ilhali magari yenyewe yamejaa humo kwa jina la Roadster.

2. Kuna vizazi vingapi, na nitavitambuaje?

Vizazi ni vinne, na wapenzi wa gari hili huvitaja kwa herufi za mwanzo za msimbo wa chasisi: NA, NB, NC na ND. (Kwa Kiswahili herufi za kizazi cha kwanza huleta vichekesho, kwani "NA na NB" husomeka kama kigugumizi. Hapa herufi kubwa daima humaanisha gari.)

NA lilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mnamo Februari 1989 na likatengenezwa hadi 1997. Ndilo pekee lenye taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti. NB, la 1998 hadi 2005, lina taa za kudumu na kioo halisi cha nyuma badala ya plastiki, lakini chini ya bodi ni ndugu wa damu wa NA. NC, la 2005 hadi 2015, ni jipya kabisa kimuundo na ndilo kubwa kuliko yote. Matao yake ya tairi yamevimba, na ndani mtu mrefu hukaa bila kukunja magoti sana. ND lilianza kuuzwa 2015. Lina taa nyembamba zinazofanana na macho yaliyofinywa, na urefu wake wa milimita 3,915 ni mfupi hata kuliko ule wa babu yake NA.

Kwa gari la Japani, njia ya uhakika zaidi ni kusoma msimbo kwenye bamba la chasisi au kwenye karatasi ya mnada. NA6CE ni NA la lita 1.6 na NA8C ni la lita 1.8. Vivyo hivyo NB6C na NB8C. NCEC ni NC la lita 2.0. ND5RC ni ND la lita 1.5 lenye paa la turubai, na NDERC ni ND la lita 2.0 lenye paa gumu, yaani RF. Muuzaji akikuambia gari ni la lita 2.0 na msimbo unasoma ND5RC, mmoja kati yao anakosea, na bamba halina sababu ya kukosea.

3. Mbona nguvu zake ni ndogo hivyo? Gari la familia la kawaida halitanipita?

Kwenye barabara iliyonyooka, huenda likakupita. NA la kwanza lilitoka kiwandani Japani likiwa na nguvu za farasi 120, na ND la lita 1.5 lina 131. Ukilinganisha namba hizo na za magari mazito ya kisasa utavunjika moyo kabla hata hujaliwasha.

Ila gari hili halikubuniwa kushinda kwa namba. NA la mwanzo lilikuwa na uzito wa takriban kilo 940, na ND la daraja la chini kabisa la Japani lina kilo 990, licha ya mifuko ya hewa na vifaa vyote vya usalama ambavyo sheria za leo zinadai. Injini imewekwa mbele lakini imerudishwa nyuma ya ekseli ya mbele, nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, na gia boksi imeunganishwa na difu kwa fremu ya alumini ili mguso wa mguu kwenye pedeli ufike kwenye tairi bila kuchelewa. Wajapani waliolibuni walilieleza kwa msemo wao wa *jinba ittai*, mpanda farasi na farasi kuwa kitu kimoja. Anayetafuta mwendo wa kasi tu atafute gari jingine, maana hakuna toleo la MX-5 litakalomridhisha.

4. Linaweza kuwa gari langu la pekee?

Kwa mtu asiye na watoto, ndiyo, kwa shida. Viti ni viwili tu. Buti ya NC inabeba lita 150, ya ND lita 130, na ya RF lita 127, kiasi cha mabegi mawili laini. Gunia la mkaa lisahau. ND halina tairi ya akiba. Lina pampu na dawa ya kuziba tundu tu, hivyo tairi ikichanika ubavuni njiani utahitaji gari la kukukokota.

## Sheria za umri na ushuru

5. Ni kizazi kipi ninachoweza kuagiza kutoka Japani?

Swali hili hulimaliza suala zima kwa wanunuzi wengi kabla hawajafikia ladha zao, kwa hiyo lianze.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, na kila Januari mstari huo husogea mbele mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba anayeagiza kwenda Mombasa ana ND peke yake, tena hata ND za 2015 zimeshapita umri. NA, NB na NC zilizopo Kenya ni zile zilizokwisha kuingia, na zinabadilishana mikono humohumo nchini. Aidha, ushuru wa bidhaa hupangwa kwa kuangalia ukubwa wa injini, na cc 1,500 ni mpaka unaostahili kukumbukwa: ND la lita 1.5 lina cc 1,496, yaani liko chini ya mstari kwa unywele tu, ilhali RF lina cc 1,997.

Tanzania haikatazi gari kuukuu, bali inalitoza. Gari la abiria lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa zaidi. Kwa upande wa ukubwa wa injini, matoleo yote ya MX-5 yana zaidi ya cc 1,000 na hayafiki cc 2,000, kwa hiyo yote yanaangukia kundi moja, na mnunuzi wa Dar es Salaam hana sababu ya kikodi ya kukimbia injini ya lita 2.0. Kabla ya kulipa chochote Japani, ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na utumie jina Roadster (tazama swali la 1). Wapo waliolipia NA bei ya kutupwa wakaja kukuta kodi imeizidi bei ya gari.

Uganda huzuia magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, jambo linaloacha mlango wazi kwa NC za mwisho na ND zote.

6. Ninaishi nchi inayoendesha upande wa kulia. Nifanyeje?

Magari ya Japani na Uingereza yana usukani wa kulia, kwa hiyo hayakufai Rwanda, Burundi, Kongo wala Omani. Tafuta lililouzwa Marekani, bara la Ulaya au Ghuba. Fahamu kwamba Marekani ND huuzwa kwa injini ya lita 2.0 tu, hata lile la turubai, hivyo mjadala wa swali la 10 haukuhusu.

## Paa

7. Turubai au paa gumu?

Kuna namna tatu. Ya kwanza ni turubai, ambalo kwa NC na ND hufunguliwa kwa kuachia ndoano moja iliyo katikati ya fremu ya kioo cha mbele na kulisukuma nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Ni sekunde chache, na hakuna mota ya kuharibika. NA na NB zina ndoano mbili.

Ya pili ni paa gumu la umeme la NC, lililoanza 2006. Linajikunja kwa sekunde 12 na kujificha lote nyuma ya viti bila kupunguza buti, na lilizidisha uzito kwa kilo 37 tu, kazi ya uhandisi inayostahili kuvuliwa kofia. Ya tatu ni RF, ambalo halifunguki lote: kipande cha juu huingia ndani kwa sekunde 13 na mabega mawili ya nyuma hubaki yamesimama. Paa la RF likiwa wazi unakuwa kama umekaa chini ya dirisha kubwa, na kwa mwendo wa barabara kuu upepo huvuma nyuma ya masikio yako kwa sauti ambayo turubai lililofunguliwa halina.

Maoni yangu ni haya. Ukiwa unaegesha mtaani, mahali ambapo wembe unaweza kupita kwenye turubai usiku, nunua paa gumu na usione haya. Ukiwa na gereji au ua wenye mlinzi, nunua turubai, kwa sababu ni jepesi, ni rahisi kurekebishwa na fundi wa viti vya magari yeyote mwenye cherehani nzito, na linafunguka kweli. Kati ya paa gumu la NC na RF, la NC ni bora kama paa; RF ni bora kama gari.

8. Jua letu litalifanya nini turubai?

Litalikausha. Dalili huanzia kwenye mikunjo juu ya dirisha, ambapo kitambaa hupauka kisha nyuzi kuonekana. Kwenye NA tatizo kubwa zaidi ni kioo cha plastiki cha nyuma, ambacho hugeuka njano na kupasuka kikikunjwa. Kabla ya kushusha paa, fungua zipu yake na ukilaze chini taratibu. Wamiliki wengi wa NA wamekwisha kuweka turubai lenye kioo halisi, nalo ni badiliko ambalo halipunguzi thamani ya gari machoni pa mtu mwenye akili.

9. Nimelipenda gari lakini zulia limelowa. Niliache?

Usiliache, ila usililipie kabla hujajua maji yanatoka wapi. Mara nyingi turubai halina kosa. Maji yanayoanguka juu ya paa hukusanywa na mfereji wa mpira ulio nyuma ya viti, yakashuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi za nyuma. Majani na vumbi vikiziba mirija hiyo, maji hufurika na kujaza kingo za chini ya milango kwa ndani. Kingo hizo ni za chuma, nazo huoza kuanzia ndani, mahali jicho halifiki.

NB nililonunua Dar es Salaam lilikuwa na zulia jipya kabisa, na muuzaji alilisifia zulia hilo kuliko injini. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Wiki ya pili ya masika nilisikia maji yakicheza ndani ya kingo ya kushoto kila nilipokata kona, kama dumu lililosahauliwa kwenye buti, na fundi alipogonga kwa bisibisi mbele ya tairi ya nyuma, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Tangu siku hiyo nakwenda kukagua na chupa ya lita moja ya maji: ninamimina polepole nyuma ya kiti, kisha ninachungulia chini. Maji yakitoka mara moja pande zote mbili, mirija ni mizima. Yasipotoka, ninajua la kufanya na bei. Jaribio hili linafaa kwa vizazi vyote.

## Injini na gia

10. ND: lita 1.5 au 2.0?

Swali hili lina uzito kwa soko la Ulaya, ambako injini zote mbili ziliwekwa kwenye gari la turubai. Japani uamuzi ulishafanywa kiwandani: turubai lilipewa 1.5, na RF likapewa 2.0. Kwa hiyo kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kuchagua injini kwa kawaida ni kuchagua paa, na jibu la swali la 7 litakuwa limeamua.

Kwa anayeweza kuchagua: injini ya 1.5 ina msokoto wa Nyutonimita 150 na hupenda kuzungushwa, hivyo utabadilisha gia mara nyingi na kufurahi ukiwa bado ndani ya kikomo cha mwendo. Injini ya 2.0 ina takriban 200 na hukusamehe ukibaki kwenye gia ya tatu mlimani. Lakini kuna 2.0 mbili. Ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 160 Ulaya. Ile iliyofanyiwa marekebisho katikati ya 2018 ina 184 na huzunguka hadi 7,500 kwa dakika. Magari ya marekebisho hayo yalipata pia usukani unaovutwa karibu na dereva, jambo ambalo mtu mrefu atalishukuru kuliko farasi 24 za ziada. Ukichagua 2.0, chagua ya baada ya marekebisho. Ukikosa, 1.5 ni gari tamu kuliko 2.0 ya mwanzo.

11. NA na NB: lita 1.6 au 1.8?

Kwa NB, chukua 1.8 likipatikana zima. Kwa NA, chukua lililo zima, basi. Injini ya 1.8 iliyoanza 1993 ilikuja na bodi iliyoimarishwa, breki kubwa zaidi na difu imara, lakini uzito uliongezeka na tofauti ya nguvu ni ndogo.

Onyo moja linahusu NA za 1.6 za 1989 hadi katikati ya 1991, ambazo ncha ya krenki yao ni fupi, na kufuli ya puli huweza kulegea hadi kuiharibu krenki yenyewe. Utalitambua bila kufungua kitu: angalia puli ya krenki mbele ya injini. Ikiwa na nafasi nne ni ncha fupi. Nane ni ndefu. Ncha fupi si hukumu ya kifo, ila puli ikicheza injini inapozunguka taratibu, ondoka.

Mengine ni madogo. Sauti ya tik-tik NA likiwashwa baridi mara nyingi ni tapeti za oili zilizokosa oili safi. Oili inayotiririka nyuma ya injini kwa kawaida inatoka kwenye ringi ya mpira ya sensa ya kamshafti, kipuri cha bei ya soda. Klachi inayozama hadi sakafuni ni silinda ndogo ya chini. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama muuzaji hana stakabadhi, hesabu kwamba haukubadilishwa.

12. Vipi kuhusu injini ya NC? Nasikia zinanoki.

Injini ya NC inatumia cheni, si mkanda, na ni imara ikipewa oili. Tatizo ni hilo sharti. Baadhi zinakula oili kimyakimya, na mmiliki aliyezoea kupima oili siku ya sevisi tu hukuta imeshuka chini ya alama, kisha beringi zinaanza kuimba. Vuta stiki ya oili wewe mwenyewe kabla injini haijawashwa. Matoleo ya baada ya marekebisho ya 2008 yana krenki ya chuma kilichofuliwa na huzunguka juu zaidi. Haya ndiyo ya kutafuta.

13. Gia za mkono au otomatiki?

Za mkono. Liva ya gia ya gari hili ni fupi na huingia kwa mkunjo wa kifundo cha mkono tu, nayo ni nusu ya sababu ya kulinunua. Lakini anayekaa kwenye foleni ya Mombasa Road au Morogoro Road saa mbili kila siku asijione mkosaji akichukua otomatiki, ilimradi ajue kwamba kwa ND za Japani otomatiki huja bila difu ya kuzuia kuteleza, ile isiyoliacha gurudumu moja la nyuma lizunguke bure (swali la 16).

Kwa NA na NB, gia ya pili kugoma kidogo asubuhi injini ikiwa baridi ni tabia ya kawaida. Ikiendelea kugoma baada ya kilomita tano, ni kuchakaa. Kwa ND, malalamiko ya gia boksi kuvunjika yalitoka zaidi kwa magari ya lita 2.0 ya miaka ya mwanzo yaliyoendeshwa kwa fujo, na Mazda iliendelea kuiboresha. Sikiliza mvumo gia ikiwa ya pili na ya tatu.

14. Litanywa petroli ya kawaida?

ND lina mgandamizo wa 13 kwa 1, na kwa soko la Japani kiwanda kinaelekeza petroli ya oktani ya juu. Ukiwa mjini jaza ile ya daraja la juu. Ukilazimika kujaza ya kawaida safarini, kompyuta ya injini itarudisha cheche nyuma na utapoteza nguvu kidogo. Usilisukume mpaka utakapopata nyingine.

## Madaraja na karatasi za Japani

15. Nisomeje karatasi ya mnada?

Anza na daraja la jumla. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri la kawaida, 3.5 lina makovu, na R au RA linamaanisha limewahi kugongwa na kurekebishwa sehemu za muundo. Kisha angalia mchoro wa gari: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na S ni kutu. Kwa gari la paa wazi herufi S chini ya mlango ina uzito kuliko U tatu za ubavuni, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 9.

Maelezo ya mkaguzi yaliyoandikwa kwa mkono kwa Kijapani yatafsiriwe yote. Ndimo hufichwa mpasuko wa turubai na kutu ya chini ya gari, na baadhi ya mawakala huyatafsiri nusu.

16. S, S Special Package, RS, NR-A: tofauti ni nini hasa?

Haya ni madaraja ya ND la Japani. Kwa macho tofauti ni viti na rimu. Kwa dereva ni vyuma. S ndilo jepesi kuliko yote, kilo 990, lakini halina difu ya kuzuia kuteleza wala nondo ya kuzuia kuyumba kwa nyuma. Linainama kwenye kona kama jahazi, na wapo wanaolipenda kwa hilo. S Special Package la gia za mkono lina vyote viwili na kilo 20 zaidi. RS linaongeza shokapu za Bilstein na breki kubwa za mbele, ila ni gumu, na kwa barabara zetu ugumu huo unaulipia mgongo. NR-A ni gari lililotayarishwa kwa mashindano, hivyo uliza lilikuwa likifanya nini wikendi.

Ningekuwa ninanunua leo kwa matumizi ya Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, ningetafuta S Special Package la gia za mkono na nisigeuze shingo.

17. Nitahakikishaje kwamba difu ya kuzuia kuteleza ipo?

Inua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki na stendi, weka gia huru, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka upande uleule, au likikataa kabisa kuzunguka kirahisi, ipo. Likizunguka kinyume, kwa ND haipo. Kwa NA na NB difu iliyochoka huweza kukudanganya, hivyo amini msimbo na karatasi kwanza.

## Hali za pembeni

18. Fiat 124 Spider ni MX-5?

Kwa mifupa, ndiyo. Lilijengwa Hiroshima kwenye kiwanda cha Mazda, juu ya chasisi ya ND, kuanzia 2016, lakini injini yake ni ya Fiat, lita 1.4 yenye turbo. Kwa Afrika Mashariki vipuri vya chasisi vitapatikana kupitia njia za Mazda. Vya injini vitakusumbua.

19. Gari limeshushwa na kuwekwa turbo. Ni faida au hasara?

Ni hasara mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo kwa stakabadhi. ND kutoka kiwandani lina takriban milimita 140 tu kati ya tumbo lake na lami, na matuta yetu hayakujengwa kwa kipimo chochote. Gari lililoshushwa zaidi ya hapo litakuwa limekwisha kukwangua ekzosi na mirija ya mifereji. Turbo ya kiwandani ilikuwepo kwenye NB chache za 2004 na 2005. Nyingine zote ni kazi ya fundi, na thamani yake ni sawa na ya fundi huyo.

20. Ninaishi pwani. Nichague tofauti?

Ndiyo, angalia chuma kabla ya kizazi. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar lina chumvi ya hewa. Lililotoka Hokkaido au Uingereza lina chumvi ya barabarani wakati wa baridi, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu hurushwa chini moja kwa moja. Kwa NB za Uingereza lala chini uangalie mihimili ya chasisi ya mbele, kwani imetengenezwa kwa tabaka mbili na huozea katikati.

Sumaku ni msaada mzuri wa kugundua bodi iliyojazwa pati. Ila usije ukamtuhumu mtu bure: boneti ya NA ni ya alumini, na kwa ND boneti, kifuniko cha buti na mabawa ya mbele yote ni ya alumini, hivyo sumaku haitashika hata kama gari halijaguswa na mtu.

21. NA zuri au ND lenye kasoro, kwa bei moja?

Inategemea kasoro. ND lililogongwa bodi tu na kupakwa rangi vizuri linanunulika. ND lenye R kwenye karatasi na pengo la mlango lisilolingana na la upande wa pili, sitaligusa. NA zuri litakuomba muda: gari la zaidi ya miaka 25 lina mipira, bushi na hozi za umri huohuo, na kila mwezi kitu kimoja kitakata tamaa. Kama fundi wako hukasirika akiona boliti zenye kutu, nunua ND.

22. Muuzaji ananipa na paa gumu la kubandika. Nilipie?

Kwa NA na NB, lilipie. Ni la kiwandani, lina kioo chenye waya wa kuondoa ukungu, na linabadilishana kati ya vizazi hivyo viwili, kwa hiyo soko lake halifi. La NC haliingii kwenye kizazi kingine. Mazda haikutengeneza la ND. Kabla hujakubali, jaribu kulinyanyua: lina uzito wa kilo 20 na kidogo, lakini umbo lake linahitaji watu wawili, na likitolewa linahitaji mahali pa kulala ambapo mbuzi na watoto hawafiki.